Wema wa Kila Siku, Dawa ya Nafsi Iliyotekwa



 

 

Siku ya ukumbusho wa chama ni siku ya kuhesabu. Huhesabiwa madarasa yaliyojengwa, watoto waliohitimu Kurani, maiti waliopata sanda na kaburi, na wajane waliofikiwa na msaada. Hesabu hiyo ni ya haki, na walioifanyia kazi wanastahili kuombewa kheri. Lakini iko hesabu nyingine ambayo haiandikwi katika daftari la katibu. Nayo ni hesabu ya watu waliopotea hali wapo. Wanaonekana barabarani kila siku, wanaitikia salamu, na wengine husimama hata katika safu za msikitini. Lakini nafsi zao zimetekwa.

Katika miji ya ukingo wa Ziwa Tanganyika, toka Bujumbura hata Rumonge na Nyanza-Lac, na ng'ambo ya pili kule Uvira, watu wa namna hii hawahitaji kutafutwa mbali. Yuko kijana wa gereji apokeaye ujira wake Jumamosi, na kabla jua halijatua umekwisha katika kibanda cha kamari ya mpira. Yuko baba wa watu anywaye kwa siri, akidhani jirani hawajui, nao wote wanajua. Yuko mzee arudiaye udhu mara saba, mara kumi, hata jamaa ikatoa salamu yeye angali birikani. Yuko mwenye kinyongo cha miaka mingi, ambaye kila alalapo hulisikia tena lile neno aliloambiwa na nduguye siku ya kugawa urithi.

Watu hawa hawafanani kwa sura wala kwa umri, tena mmoja ana dhambi ya kutubia na mwingine ana maradhi tu. Lakini minyororo yao ni ya chuma kimoja. Jambo moja limeingia moyoni likakaa kitini, na mwenye nyumba amekuwa mtumishi wake.

NAFSI INAVYOTEKWA

Tamaa mbaya haiji kama adui mwenye upanga mkononi. Huja kama mgeni. Mara ya kwanza mtu huionja kwa ajili ya rafiki, au uchovu, au huzuni, akaona faraja. Mara ya pili huikumbuka ile faraja. Siku zikipita, faraja hupungua lakini kiu haipungui, hata mtu akawa anakunywa pasipo furaha na anacheza kamari pasipo tumaini. Wahenga waliona mbali waliposema kwamba mazoea yana taabu. Matabibu wa zama hizi wameeleza vile vile kwamba ubongo hujifunza alama: saa fulani ya jioni, harufu fulani, rafiki fulani, fedha taslimu mfukoni. Alama ikionekana, kiu huamka kabla ya mtu kufikiri lolote. Ndiyo maana huyu aliyeapa asubuhi kwa jina la Mola wake hujikuta jioni pale pale alipoapa kuwa hatafika.

Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 505 wa Hijra, sawa na 1111 wa Miladi, aliyapanga mambo haya kwa daraja katika kitabu chake Ihyaa Ulumuddin. Alionyesha kwamba jambo huanza kwa kupita moyoni kama fikra tu. Kisha tabia ikalielekea. Kisha moyo ukakata shauri kwamba lifaa kutendwa. Kisha mtu akaazimia. Lile linalopita moyoni halimo katika uwezo wa mwanadamu, wala hahesabiwi dhambi kwalo. Elimu hii ni rehema kubwa. Wengi walioshindwa walishindwa kwa kudhani kwamba kuijiwa na fikra ni sawa na kuitenda, wakakata tamaa, na aliyekata tamaa huona hana tena cha kulinda.

Na wasiwasi wa fikra nao una mlango wake. Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba baadhi ya masahaba walimwendea Mtume, rehema na amani zimshukie, wakamweleza kwamba huwajia nafsini mwao mambo mazito hata hawathubutu kuyatamka. Hakuwakemea. Aliwafahamisha kwamba kule kuyachukia kwao ni dalili ya imani iliyo safi. Basi mama aliyejifungua juzi, ambaye hujiwa na picha ya kutisha juu ya mtoto wake mwenyewe, akatetemeka na kuficha visu vya nyumba, na asimwambie mtu kwa haya, naye ana fungu lake katika jibu hilo. Kule kutetemeka ni ushahidi wa mapenzi yake. Mama huyu si wa kuaibishwa. Ni wa kukaa naye, kumpokea mtoto apate kulala, na kufuatana naye kwa mkunga au tabibu.

Kosa kubwa la mtu aliyetekwa ni kupigana na fikra ana kwa ana, peke yake, chumbani. Mwaka 1987 mtaalamu wa elimu ya nafsi wa Marekani, Daniel Wegner, pamoja na wenzake, waliwataka watu wakae dakika 5 wasimfikirie dubu mweupe, na kila akiwajia wapige kengele. Kengele hazikukoma. Tena waliporuhusiwa baadaye kumfikiria, alikuja kwa wingi kuliko kwa wale ambao hawakukatazwa mwanzoni. Lakini wale waliopewa kitu kimoja maalumu cha kuelekeza akili, walipokuwa wakijizuia, hawakurudiwa na dubu kwa nguvu ile. Funzo lake ni jepesi: moyo hauwezi kuamriwa kuwa mtupu. Huweza kupewa shughuli nyingine.

Jambo hili wanazuoni wa Kiislamu walilijua zamani. Abu Zayd al-Balkhi, mtu wa Balkh katika nchi iitwayo leo Afghanistan, aliyefariki mwaka 322 wa Hijra, sawa na 934 wa Miladi, alitunga kitabu juu ya maslahi ya miili na nafsi. Ndani yake aliutenga wasiwasi kuwa maradhi yenye mlango wake na matibabu yake, na katika mashauri yake alimuonya mgonjwa asikae peke yake. Upweke ni shamba la wasiwasi. Ndipo unapoota, na ndipo unapovunwa.

DAWA YA UPANDE WA PILI

Waswahili husema dawa ya moto ni moto. Katika maradhi haya methali hiyo haifai. Dawa ya moto huu ni maji. Imamu Ghazali alifundisha kwamba tabia mbaya hutibiwa kwa kinyume chake, kama vile tabibu atibuvyo joto kwa baridi: bahili hutibiwa kwa kutoa, na mwenye kiburi kwa kunyenyekea. Basi mwenye kutafuta dawa ya pombe na kamari na aulize kwanza, kinyume cha mambo hayo ni kitu gani?

Kurani tukufu, katika Suratul Maida, imelijibu swali hilo. Pale ulevi na kamari zilipoharimishwa, ilitajwa pia sababu: kwamba Shetani kwa mambo hayo mawili ataka kutia uadui na bughudha baina ya watu, na kuwazuilia kumkumbuka Mwenyezi Mungu na kusali. Na izingatiwe vema kwamba hapo hazikutajwa kwanza khasara za mali wala maradhi ya ini. Ulitajwa kwanza uadui. Maana yake, ugonjwa wenyewe ni kukatika kwa kamba baina ya mtu na watu, na baina ya mtu na Mola wake. Kinyume cha kukata ni kufunga. Sala na dhikri hufunga kamba ya juu. Kamba ya kando, iliyo baina ya mtu na mtu, hufungwa kwa wema.

Dalili ya maneno haya imo katika mwendo wa Mtume mwenyewe. Imepokewa kwa Abu Huraira, katika Sahihi mbili za Bukhari na Muslim, kwamba mtu akimwambia mwenziwe waende wakacheze kamari, basi na atoe sadaka. Hapo kamari haijachezwa. Limetoka neno tu mdomoni, kiu imepiga kelele. Na dawa iliyoamriwa ni kuugeuza ule mkono uliokuwa ukielekea kutwaa mali ya mwenziwe, ukaelekea kumpa mtu. Vile vile imepokewa katika Musnad ya Imamu Ahmad kwamba mtu mmoja alishitaki ugumu wa moyo wake, akashauriwa amlishe masikini na apapase kichwa cha yatima. Moyo ulikuwa mgumu, na tiba ilianzia mkononi.

Wala wema huo si lazima uwe mkubwa. Iko sura nzima ya Kurani, fupi, ijulikanayo na kila mtoto wa madrasa, ambayo jina lake ni Al-Maun. Wafasiri wengi wa zamani wamelifasiri neno hilo kuwa ni vile vitu vidogo waazimanavyo majirani: chungu, ndoo, shoka. Sura hiyo inawalaumu wenye kusali kwa kujionyesha huku wakizuia vitu hivyo. Basi ndoo ya jirani si jambo dogo katika dini. Na kuondoa mwiba njiani kumehesabiwa sadaka, na kumkunjulia mtu uso kumehesabiwa sadaka. Milango ya dawa hii imefunguliwa hata kwa asiye na senti, na mara nyingi aliyetekwa na kamari hana senti.

HABARI YA MTU ALIYEKUWA AKRON

Mwislamu haoni haya kuichukua hekima popote aionapo. Iko habari moja ya Marekani inayolidhihirisha jambo hili kwa namna ya ajabu, ingawa wenyewe hawakuwa Waislamu.

William Wilson, mtu wa biashara ya hisa katika mji wa New York, alikuwa mlevi aliyekwisha kupoteza kazi na heshima, akalazwa hospitali kwa pombe mara baada ya mara. Mwezi wa Desemba 1934 aliacha. Kwa miezi iliyofuata akawa anawatafuta walevi wengine ili awasaidie, na hakufaulu kumponya hata mmoja. Alipoona kazi yake ni bure, mkewe alimuonyesha jambo ambalo yeye hakuliona: walevi wale hawakuacha, lakini yeye mwenyewe, muda wote aliokuwa akiwahudumia, hakunywa.

Mwezi wa Mei 1935 alisafiri kwenda mji wa Akron, katika jimbo la Ohio, kwa shughuli ya biashara, na shughuli ikaharibika. Alikuwa katika ukumbi wa hoteli, mgeni, mwenye fedha kidogo, mwenye huzuni. Na kutoka upande mmoja zilimjia sauti za watu waliokuwa wakinywa na kucheka. Alama zote za kiu zilikuwa zimekusanyika. Wakati huo hakujifungia chumbani apigane. Aliifikia simu, akayapigia makanisa ya mji ule, akiomba aonyeshwe mlevi wa kuzungumza naye. Maana alitambua kwamba usiku ule alimhitaji mlevi yule kuliko mlevi yule alivyomhitaji yeye.

Aliunganishwa na tabibu mpasuaji, Robert Smith, aliyekuwa akiangamia kwa pombe. Smith alikubali kumpa dakika 15 tu. Wakakaa pamoja saa nyingi za usiku. Alianguka mara moja tena, kisha mwezi wa Juni mwaka ule ule akanywa kwa mara ya mwisho. Smith alikufa mwaka 1950 na Wilson mwaka 1971, na wote wawili hawakurudia. Katika mazungumzo yale kilizaliwa chama cha walevi wenye kusaidiana kuacha, kiitwacho Alcoholics Anonymous, ambacho kimeenea katika nchi nyingi za dunia.

Mtu huyu hakuokolewa na wema mkubwa. Aliokolewa na wema mdogo uliotendwa kwa saa yake, saa ile ile kiu ilipokuwa ikimwita kwa jina.

NAMNA YA KUITUMIA DAWA

Dawa isiyo na kipimo wala saa haimponyi mgonjwa. Wema wa namna hii nao una kanuni zake, na mwenye kuitaka faida yake yafaa azishike.

Kwanza, wema uchaguliwe kabla ya saa ya kiu. Mtu aliyetekwa huijua saa yake. Kijana wa gereji anajua kwamba saa yake ni Jumamosi alasiri, ujira ukiwa mkononi. Basi na amkabidhi mama yake au mkewe fedha tangu adhuhuri, kisha awe na ahadi na mtu alasiri. Katika hospitali nyingi za nchi hizi mgonjwa hupikiwa na jamaa zake, na asiye na jamaa hutegemea sahani ya mwenziwe wa kitanda cha pili. Kijana huyu na achukue sahani moja kutoka nyumbani kwao, ampelekee mgonjwa wa namna hiyo kila Jumamosi saa ile. Njia ya hospitali na njia ya kibanda cha kamari haziendi pamoja. Kiu itamfuata hatua za kwanza. Lakini kiu ni kama wimbi, hupanda, hufika kileleni, kisha hushuka hata kama haikunyweshwa. Atakapokuwa anaviosha vyombo vya yule mgonjwa, aghalabu wimbi limekwisha kupita.

Pili, wema uwe wa kazi ya mikono, tena mbele ya mtu. Mwenye kiu ya pombe akiwaza mema kitandani, bado yuko peke yake na adui yake. Lakini yule ajihimizaye alfajiri kwenda pwani ya ziwa, mitumbwi ya usiku irudipo na taa zake, akamsaidia mama mjane kupandisha vikapu vya ndagala, huyo ana uzito mkononi, ana salamu za kuitikia, na ana mtu atakayemuuliza kesho kwa nini hakuja. Swali hilo la "mbona jana hukuja?" lina nguvu kuliko nadhiri nyingi. Tena asubuhi ya mapema huleta usingizi wa mapema, na saa za hatari za usiku hupungua.

Tatu, wema uelekezwe mahali pa jeraha. Mwenye kinyongo na nduguye hataponywa kwa kumtumikia kila mtu isipokuwa nduguye. Hatakiwi kuanza kwa sulhu kubwa ya mashahidi na chakula. Na aanze kwa kumtumia mtoto wa nduguye salamu, au kwa kuuliza habari za mgonjwa wao, au kwa kuurudisha ungo ulioazimwa zamani ukasahauliwa kwa hasira. Lile neno la siku ya urithi litarudi usiku, lakini litakuta moyoni jambo jingine jipya, na hayo mawili hayakai pamoja kwa raha.

Nne, haki hutangulia hisani. Aliyekula kwa kamari ada ya shule ya mwanawe hawezi kuijengea jina kwa kuwagawia watu peremende barazani. Wema wake wa kwanza ni nyumbani: kulipa deni kidogo kidogo, kuomba radhi, kumchotea maji mkewe pasipo kuambiwa. Walioumizwa zaidi na tamaa yake ndio wenye haki ya kwanza katika toba yake.

MIPAKA YA DAWA

Kila dawa ina mipaka, na mwalimu asiyetaja mipaka huwadhuru watu.

Mpaka wa kwanza ni wa mwili. Mtu aliyezoea kunywa pombe nyingi kila siku kwa muda mrefu, akiacha ghafula, aweza kupatwa na kutetemeka, kifafa na kuona mambo yasiyokuwapo, na hatari yake hufika hata mauti. Mtu wa namna hiyo na apelekwe kwa tabibu kabla ya kuacha, wala asiambiwe kwamba imani yake ni haba. Vile vile wasiwasi ukizidi ukamzuia mtu kazi, usingizi na ibada, ni maradhi yenye matibabu: iko tiba ya mazungumzo na mazoezi, na ziko dawa. Kutafuta matibabu ni katika mafundisho ya Mtume, na wema wa kila siku huenda sambamba na tabibu. Haukai mahali pake.

Mpaka wa pili ni wa wale wenye wasiwasi hasa. Hao hugeuza kila kitu kuwa sharti. Mzee wa udhu akifundishwa kutoa sadaka, huenda akaanza kutoa ili fikra imtoke, kisha akatia shaka kwamba nia haikuwa safi, akatoa tena, na tena. Hapo dawa imekuwa maradhi. Mafakihi waliweka kanuni kwamba yakini haiondolewi na shaka: aliyetawadha kwa yakini ana udhu wake, hata shaka ikimpigia kelele. Basi mzee huyu na atawadhe mara moja kama walivyo watu, aiache shaka ipige kelele nyuma yake, na amshike mkono jirani yake kipofu waingie pamoja katika safu. Hamwongozi kipofu ili shaka ikome. Amwongoza kwa sababu kipofu ataka kusali. Shaka ikikoma, ni kheri. Isipokoma, kipofu amekwisha kufika. Wahenga walisema tenda wema uende zako. Na maneno hayo, ambayo husemwa juu ya wasio na shukrani, yafaa sana pia juu ya mtu na nafsi yake. Asisimame mlangoni akingoja malipo ya utulivu.

Mpaka wa tatu ni kwamba atakayeanguka ataanguka. Aliyeacha miezi mitatu akarudi siku moja hakuibatilisha ile miezi mitatu. Pombe yenyewe haikuharimishwa kwa siku moja: ilielezwa kwanza kwamba madhara yake ni makubwa kuliko manufaa yake, kisha watu wakakatazwa kuikaribia sala hali wamelewa, kisha ndipo ikaharimishwa kabisa. Hukumu ile ya mwisho imekwisha thibiti, wala haimruhusu mtu leo kuzembea. Lakini mwendo ule unafundisha namna moyo wa binadamu unavyovutwa. Aliyeanguka Jumamosi, na aende na sahani yake hospitali Jumapili.

WAJIBU WA JAMAA

Imebaki sehemu ya wale ambao nafsi zao ziko salama, na huenda sehemu hii ndiyo nzito.

Imepokewa katika Sahihi Bukhari habari ya mtu mmoja wa zama za Mtume aitwaye Abdullah, ambaye alikuwa akimchekesha Mtume. Alikuwa na maradhi ya ulevi. Aliletwa akaadhibiwa, akaletwa tena akaadhibiwa. Siku moja mtu mmoja katika waliokuwapo alimlaani, kwa vile alivyokuwa akiletwa mara kwa mara. Mtume akamkataza kumlaani, akashuhudia kwamba mtu yule anampenda Mwenyezi Mungu na Mtume wake. Adhabu haikufutwa, na mlango haukufungwa. Mambo hayo mawili yalikaa pamoja katika msikiti wa Madina, na yapasa yaweze kukaa pamoja katika misikiti ya Bujumbura na Uvira.

Maana wema wa kila siku hauwezi kuwa dawa ya mtu ambaye watu hawakubali kuupokea wema wake. Mlevi anayetaka kuchimba kaburi la jirani, akaambiwa aondoe mikono yake michafu, amerudishwa njia ya kilabuni na waumini wenyewe. Kijana wa kamari asipewe kushika mfuko wa fedha, hilo ni la busara; lakini apewe ufagio, apewe kujaza birika, apewe kubeba jeneza, apewe mtoto mmoja wa kumfundisha alif na be. Mtu huponywa kwa kuhitajiwa. Asiyehitajiwa na mtu yeyote huhitajiwa na kamari, nayo humpokea saa zote.

Pengine chama kitakapokutana tena kwa ukumbusho mwingine, madarasa yatahesabiwa, na misaada itahesabiwa. Hesabu ile nyingine haitasomwa, kwa kuwa aibu za watu hazisomwi hadharani. Lakini itajulikana kwa dalili zake: mgonjwa fulani asiye na jamaa atapata sahani yake kila Jumamosi, vikapu vya mama mjane vitapandishwa kabla jua halijachomoza, kipofu atafika katika safu pamoja na takbiri ya kwanza. Na nyuma ya kila kimoja katika hivyo atakuwapo mtu aliyekuwa akitafutwa na nafsi yake saa ile, asionekane nyumbani.

Mwenyezi Mungu awafungue waliofungwa na tamaa zao, awape utulivu wenye nyoyo zisizotulia, awalipe kheri wenye kuwapokea, na awasamehe waliotangulia. Amin.